Hilux yangu inaunguza stata kila msimu, mafundi wamegonga ukuta. Naomba ushauri kabla sijafunga nyingine

Mkulima wa Milimani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux ya zamani, dizeli, injini aina ya 3L. Ndiyo inayonitolea viazi shambani mpaka barabara kuu huku Njombe. Injini nzima, haichemshi wala haili oili. Stata, ile mota ya kuamsha injini, ndiyo inayoninyima usingizi. Iliyokuja na gari iliungua. Nikaagiza ya mtumba kutoka Dar, nayo ikaungua. Fundi akaisuka upya, haikumaliza hata msimu. Betri ni mpya, altaneta inachaji, waya mnene wa betri tumebadilisha.

Sasa kuna mtu wa spea ananishauri nichukue mpya ya kwenye boksi, laki tatu na nusu. Swali langu: hizi za boksi zinadumu, au nitafute mtumba wa uhakika? Viazi vimeshachimbwa, viko kwenye magunia shambani, na mvua ikivikuta pale ni hasara tupu.

Chuma Chakavu

Mtumba wa Japani, usiulize mara mbili. Za boksi nyingi zina nembo ya kampuni kubwa lakini ndani ni vituko. Niliwahi kuifungua moja, brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani) zilikuwa fupi tangu dukani. Ukienda dukani omba waifunge kwenye betri mbele yako, isikilize inavyozunguka, halafu ishike uone kama inapata moto haraka.

Dereva Mstaafu

Umenikumbusha mbali sana. Nilipokuwa utingo wa Fuso, stata ilitufia Iringa na mzigo wa nyanya nyuma. Mzee aliyekuwa anaendesha akasema injini haizimwi mpaka Dar. Kitonga tumeishuka, Mikumi tumejaza mafuta inaunguruma, Morogoro tumekula kwa zamu, mmoja anabaki garini. Tumefika sokoni alfajiri, mzee akaegesha kwenye mteremko ndipo akazima. Siku hizi madereva wa hivyo hamna, gari likikohoa kidogo anapiga simu kwa bosi.

Mama Mbegu

Mleta uzi, uza hilo gari. Stata zote hizo, hesabu na fundi, hesabu na mzigo uliolala. Kodi Canter ya mtu, lipa kwa gunia, ulale usingizi.

Fundi wa Waya

Ndugu zangu, tunabishana mtumba na mpya wakati hatujui stata zimekufaje. Stata haifi kwa namna moja. Mleta uzi, nijibu haya:

Ikifa, inapiga "tik" bila kuzunguka, au inanyamaza kabisa? Fundi alipoifungua alikuta nini: brashi zimeisha, shaba za ndani ya solenoidi (ile swichi nzito ya stata) zimelika, au amecha (kile kiini kinachozunguka) imeungua? Na ikiwa ni amecha, nyaya zake zilikuwa zimekaa kwenye mifereji yake au zimefumuka?

Nauliza kwa sababu stata za hizi Hilux ugonjwa wake wa kawaida ni zile shaba mbili ndani ya solenoidi. Zinalika upande mmoja, sahani haigusi vizuri, unasikia "tik" tu. Hilo linatibiwa kwa kubadilisha shaba, hela ndogo, na stata inarudi kazini miaka mingine. Kama yako inaungua, hilo ni jambo jingine kabisa.

Mkulima wa Milimani

Asante fundi. Zote ziliungua. Harufu kali na moshi chini ya boneti. Ya mwisho ninayo hapa mbele yangu. Amecha ni nyeusi tii, nyaya za shaba zimetoka nje ya mifereji na kukwaruza ukuta wa ndani. Brashi bado ndefu. Fundi wa hapa anasema ni usukaji mbaya. Ndiyo maana nataka mpya.

Fundi wa Waya

Usukaji mbaya unaweza kuua moja. Hauwezi kuua ile iliyokuja na gari. Nyaya zikifumuka hivyo, stata hiyo imezungushwa kupita uwezo wake. Gari limewaka, stata haijaachia. Ringi ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ina meno mengi, zaidi ya mara kumi ya meno ya bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoizungusha. Injini ikiunguruma taratibu tu bila kukanyagwa mafuta, bendeksi inakimbizwa mno. Ndani yake mna klachi ya kuikinga amecha, lakini kama umeme bado unaingia, stata inazunguka bila kupumzika, inapata moto, lakiri inayoshikilia nyaya inayeyuka, nyaya zinatupwa nje.

Kwa hiyo swali linabaki moja. Nani anayeambia stata iendelee? Unawasha kwa ufunguo wa kawaida? Na gari likishawaka, kuna mlio wa mluzi?

Mkulima wa Milimani

Mluzi upo. Kijana anayeendesha aliniambia, tukadhani ni fenibelti, tukabadilisha belti. Hilo la kuwasha sidhani kama linahusika.

Chuma Chakavu

Linahusika mno! Jibu swali la fundi.

Mama Mbegu

Hapo kuna jambo linafichwa.

Mkulima wa Milimani

Sawa. Gari linawashwa kwa batani. Ni ile ya kengele ya mlango, tumeifunga chini ya dashibodi. Imekaa zaidi ya mwaka. Mafundi wengi wanafunga hivyo, na wakati wa kuwasha inafanya kazi vizuri. Nimekuja kuuliza habari ya stata, batani ya shilingi elfu mbili haiwezi kuunguza chuma kizito namna ile.

Fundi wa Waya

Ndugu yangu, hiyo hiyo ndiyo inayounguza. Solenoidi ya stata ya dizeli inapoanza kuvuta inakula ampea nyingi, thelathini au zaidi kwa muda mfupi. Batani ya kengele imetengenezwa kwa umeme mdogo sana. Kila ukibonyeza, cheche zinaruka kati ya vibati vyake. Siku moja vibati vinashikana. Umeachia kidole, lakini ndani umeme bado unapita. Kuna siku mlizima gari injini ikaendelea kujizungusha?

Mkulima wa Milimani

Iliwahi kutokea. Kijana akachomoa kichwa cha betri.

Mwanasheria wa Kijiweni

Tuache stata kidogo. Kwa nini gari halina ufunguo? Kuanzia juu nilikuwa najiuliza. Gari la kuwashwa kwa batani, mwenye gari hataki kueleza. Huku kwetu tunajua maana yake.

Mkulima wa Milimani

Gari si la wizi, chunga mdomo. Tulinunua mimi na kaka yangu mkubwa baada ya kuuza miti. Kadi ina jina lake kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda Dar kulichukua. Mwaka jana tulipishana kwenye hesabu za msimu, akaondoka na funguo zote mbili, anasema hazirudi mpaka nimlipe. Sehemu ya hela nilishampa. Gari limebaki kwangu, familia inanitazama mimi. Mlitaka niliangalie likiota majani? Nilitafuta njia ya kufanya kazi, na kazi inaendelea. Yeye mwenyewe anajua na hajasema kitu.

Dereva Mstaafu

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi simo. Ila baba mdogo au shangazi hawapo wa kuwakalisha chini?

Mama Mbegu

Mdogo wangu, hapa ndipo penye ugonjwa. Ukipata ajali na hilo gari, kadi si yako, ufunguo huna, bima utasimama nayo wapi? Na kijana wa watu umempandisha humo. Tafuta wazee, andikianeni, kaka yako alipwe chake. Mimi na dada yangu tuliachiana shamba kwa ugomvi wa mipaka, wakalima wengine miaka mitatu sisi tunanuniana. Stata itasubiri.

Mkulima wa Milimani

Nimesikia mama. Lakini viazi havisubiri. Na advansi nimeshatuma, stata ya boksi inapakiwa kwenye basi leo usiku. Kwa hiyo naomba tujadili namna ya kuifunga, si habari za ukoo.

Nabisha

Wakuu naona mnakunywa chai ya moto na hakuna anayeona. Ninayo Hilux ya 3L. Pampu ya dizeli ya hii injini ina solenoidi ya kukata mafuta. Bila swichi kuwa ON haina umeme, haipitishi tone. Unaweza kubonyeza batani mpaka kesho, injini itazunguka tu, haitawaka. Huyu anasema funguo alichukua kaka mwaka jana na gari linabeba viazi. Linawakaje? Tena Njombe, baridi ile ya karibu meta 2,000 juu ya bahari! Hadithi imetungwa na mtu asiyejua dizeli, au muuza stata anayetafuta wateja. Angalieni alivyotaja bei mwanzoni tu.

Chuma Chakavu

Aisee. Hapo kuna hoja.

Mwanasheria wa Kijiweni

Nilisema mimi. Aidha wizi, aidha chai.

Mkulima wa Milimani

Siuzi stata wala chai. Sikueleza yote kwa kuwa sikuulizwa. Fundi aling'oa kufuli la usukani, akavuta waya kutoka betri mpaka kwenye solenoidi ya pampu, katikati akaweka swichi ya kuwasha taa. Ukiiweka juu mafuta yanapita, ukishusha gari linazimika. Batani ni ya stata peke yake. Kama una 3L nenda katazame, waya wa pampu unafikika kwa urahisi. Naweza kuweka picha ya mkono wangu ukiwa kwenye hiyo swichi.

Nabisha

Weka. Na ukiweka, tuambie taa ya njano ya heta inawaka kwenye dashibodi au haiwaki.

Mkulima wa Milimani

Haiwaki. Dashibodi yote haiwaki. Asubuhi tunapiga stata kwa muda mpaka ishike, jua likitoka inakuwa rahisi. Dizeli ya zamani ndivyo zilivyo.

Fundi wa Waya

Hapana mkulima, hazikuwa hivyo. Nabisha, umeuliza kwa ubishi lakini umenimalizia kazi.

Sikilizeni mnyororo wake. Dizeli hii haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini ikiwa baridi joto hilo halitoshi, ndiyo sababu ikawekewa plagi za heta. Umeme wa heta unaanzia kwenye swichi ya ufunguo. Fundi wenu alileta umeme wa pampu na wa stata, heta akaiacha. Kwa hiyo kila asubuhi injini inazungushwa baridi, kidole kinakaa kwenye batani muda mrefu. Stata haitakiwi kupigwa zaidi ya sekunde kumi hivi mfululizo, kisha inapumzishwa walau dakika moja. Ninyi mnaipika kabla gari halijawaka, batani inashikana, halafu injini ikiwaka inaimalizia. Ile ya boksi itaungua vilevile. Ya mtumba pia.

Stata ya zamani umesema imetolewa. Waya mwembamba uliokuwa unaingia kwenye terminali 50, pale solenoidi ya stata inapopokea umeme wa kuiamsha, unaning'inia. Rudisha vichwa vya betri, wa stata ule mnene ufunge vizuri kwa tepu ya waya usiguse bodi. Chukua mita, weka volti za DC, ncha nyekundu kwenye waya mwembamba, nyeusi kwenye chuma cha injini. Usiguse batani. Niambie inasoma ngapi.

Dereva Mstaafu

Hapa nimesoma kitu. Endelea fundi.

Mkulima wa Milimani

Nimeazima mita kwa jirani wa simu. Batani haijaguswa, inasoma 12.4. Nimerudia, vilevile. Nimeipiga batani kwa bisibisi ikashuka sifuri. Nimebonyeza na kuachia, ikabaki 12.4.

Nabisha

Nafuta neno chai. Samahani mkuu.

Fundi wa Waya

Basi umeiona kwa macho yako. Stata ikifika usiifunge. Kwanza toa batani hiyo. Kwa leo, kama huna ufunguo, nunua swichi ya stata ya kugeuza inayojirudisha yenyewe kwa springi, na rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya volti 12 ya ampea 40 au zaidi. Swichi iamshe rilei, rilei ndiyo ipeleke umeme terminali 50, na fyuzi iwe karibu na betri. Pili, heta. Chomoa umeme wa plagi uzipime moja moja, halafu zifungiwe rilei yake nzito. Hizo zinakula umeme mwingi, usiziunge kwenye swichi ya taa. Waya wa pampu nao uwekewe fyuzi, huo mlioufunga hivyo unaweza kuchoma gari zima. Siku ukipata funguo, rudisha wayaringi ya kiwandani, yote haya yalikuwa ndani yake.

Mama Mbegu

Siku ukipata funguo. Umesikia lakini?

Mkulima wa Milimani

Nimesikia mama. Fundi, rilei za ampea 40 hapa mjini zipo, nimeuliza. Ya heta hawana. Nikifunga ya stata peke yake na gari nikaliwasha saa nne, jua likiwa kali, mzigo wa kesho siwezi kuutoa?

Fundi wa Waya

Saa nne, sekunde kumi, pumzisha. Na kijana asikilize. Akisikia mluzi, azime gari na achomoe betri hapohapo. Rilei ya heta iagize Mbeya kesho.

Mkulima wa Milimani

Basi limeshapita Makambako. Naenda kupokea mzigo, nikirudi naweka picha ya rilei kabla sijaunga.