Mrejesho: Kikundi chetu cha wasimamizi wa mabadiliko, Kampala

Ndugu zangu, niliwauliza tufanyeje ili kikundi chetu cha wasimamizi wa mabadiliko ya biashara, yaani watu wanaosaidia kampuni kuhamia mifumo mipya ya kazi, ambacho kimedumu miaka mingi hapa Kampala, kisiendelee kupoteza watu, kwa kuwa vikao vilikuwa vimegeuka mihadhara ya washauri wanaotafuta wateja. Nawashukuru kwa dhati.

Ushauri uliofaa zaidi ni ule wa Kanuni ya Chatham House, iliyotungwa London mwaka 1927: unaruhusiwa kutumia ulichokisikia, ila humtaji aliyekisema wala taasisi yake. Tulipoikubali, meneja mmoja wa ghala, ambaye kwa kawaida hukaa kimya, alieleza jinsi makarani wake walivyoendelea kuandika stakabadhi kwa mkono baada ya EFRIS, mfumo wa mamlaka ya mapato ya Uganda wa kutoa stakabadhi na ankara za kielektroniki, kuwa wa lazima mwaka 2021, si kwa ukaidi, bali kwa sababu hakuna aliyewaonyesha namna ya kurekebisha ankara iliyokosewa. Kwa maoni yangu, kisa hicho kimoja kilitufundisha kuliko mihadhara yote iliyotangulia.

Uenyekiti wa zamu nao umeanza, na kikao kijacho kitaongozwa na wenzetu wa Jinja.