Chatu amejivua gamba vipande vipande tangu tuhamie Kabale

Mwalimu_K
Habari zenu. Nina chatu wa kifalme, jike wa gramu 900, na kibali cha UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) ninacho. Tulipokuwa Entebbe, kando ya ziwa, gamba lilitoka zima kama soksi. Nimehamishiwa Kabale, na mara mbili sasa linatoka vipande vipande. Ncha ya mkia imebaki na pete ya gamba la zamani, na jicho la kushoto lina utando. Anaishi kwenye sanduku la kioo lenye kifuniko cha wavu, balbu ya wati 60 juu. Mchana upande wa joto ni nyuzi 32, alfajiri 20. Unyevu ni asilimia 30. Nikinyunyizia maji unaruka hadi 80, baada ya saa moja umerudi palepale. Nanyunyizia mara nne kwa siku. Naumia kumwona hivi. Nakosea wapi?

Jirani_wa_Mbarara
Ongeza kunyunyizia, mwalimu. Mara sita hata nane.

Mfugaji_Bombo
Hapana, ndugu, usimwongezee maji. Gazeti la kumtandikia likilowa kutwa nzima, magamba ya tumbo yataoza, na ubaridi pamoja na majimaji humletea homa ya mapafu. Mgeuze leo hii umwangalie tumboni kama kuna wekundu.

Mwalimu, kosa liko kwenye kifuniko. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ya nyuzi 12 unayoiona na ukungu asubuhi, ukiipasha hadi 30 bila kuiongezea maji, unyevu wake unabaki kama asilimia 30. Ndiyo namba yako hiyo! Balbu inapandisha hewa moto, inatokea kwenye wavu, nyingine kavu inaingia.

Ziba robo tatu ya wavu kwa foili, ila eneo la balbu liache wazi lisije likaungua. Pande tatu za kioo zifunike kwa nje kwa sponji ya godoro. Bakuli la maji liwe pana, lisogee upande wa joto. Chukua kopo la aiskrimu, toboa mlango, weka ndani taulo iliyokamuliwa vizuri: hapo ndipo atakapojivulia. Lenga asilimia 55 hadi 65, na 70 macho yakianza kuwa ya maziwa, dalili kwamba anakaribia kujivua. Balbu iendeshwe na themostati (kifaa cha kudhibiti joto), na usiku usishuke chini ya 24. Balbu ya mwanga usiku inamsumbua, tumia ya seramiki, inayotoa joto bila mwanga.

Mkia: maji ya vuguvugu yasiyofika mgongoni, dakika 20 ukiwa hapo hapo, kisha mpitishe kwenye taulo mbichi. Jicho usiliguse. Nilishamwona mtu akibandua utando kwa kibanio akaling'oa na gamba la jicho lenyewe. Akijivua tena utando ukabaki, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mama_Zahra
Na umeme ukikatika? Mimi hujaza maji moto jerikeni ya lita 5, naifunga khanga, naiegemeza kwenye kioo kwa nje, halafu blanketi juu ya vyote. Usimlishe usiku huo. Akiwa na baridi panya haisagiki, ataitapika.

Mwalimu_K
Ahsanteni sana. Tumbo ni safi. Nimeziba juzi. Leo saa kumi na moja alfajiri: joto 25, unyevu 58, na sijanyunyizia hata tone. Pete ya mkia ilibaki kwenye taulo jana jioni. Jicho naliacha. Sponji nimepata kwa fundi makochi, bure.