Kubebana hosteli: tupeane uzoefu, uliyembeba au uliyebebwa

Mama Mkonge
Wakuu, mdogo wangu kapata chuo Tanga, hosteli zimejaa, jana kanipigia analia. Nimemwambia atafute wa kumbeba, yaani mwenye kitanda hosteli alale naye kimyakimya. Nikakumbuka ya kwangu, hukohuko Tanga.

Mwaka wa kwanza nilimbeba dada mmoja wa Lushoto. Kitanda cha deka, godoro la futi mbili na nusu, tunalala mzungu wa nne. Yeye katoka kwenye baridi, na Februari ya Tanga mnaijua, shuka linaloa jasho. Saa nane za usiku anateremka taratibu, anatandika kanga sakafuni ili mimi nipumue. Nilikuwa nasikia, nikanyamaza. Mpaka leo linaniuma.

Siku ya ukaguzi kajibana uvunguni. Matroni kasimama mlangoni, katuhesabu: wanne. Macho yakatua kwenye kopo dirishani. Miswaki mitano. Akasema, "Mwambieni huyo wa tano, sakafu ya sementi inaleta kichomi." Akaenda zake.

Barabara ya 12
Mimi nilibebwa mwaka mzima. Kaka wa watu hakunidai hata senti, lakini maji nilikuwa nachota mimi, alfajiri, kabla foleni ya bomba haijaanza. Dada, mwambie mdogo wako asingoje kuombwa. Ukibebwa halafu ukae kama mgeni, mwezi wa pili mwenye kitanda kachoka, na hakwambii.

Kibanda cha Pweza
Ninyi mlipata matroni mwenye huruma. Wangu alinitoa hosteli katikati ya muhula. Niliyembeba alikuja na hita ya kuchemshia maji, soketi ikaungua, na chumba kimeandikwa jina langu. Nililipa peke yangu. Waelewane mapema: kitu kikiharibika, nani anatoa hela? Wasioneane haya kwa hilo.

Mwana Chumbageni
Akikosa kabisa, achukue chumba Ngamiani na wenzake wawili, watafute na baiskeli. Mji wetu tambarare, darasani atafika bila nauli ya bodaboda. Ila aulize kwanza maji yanatoka siku zipi.

Mama Mkonge
Asanteni sana. Kapata, binti wa mwaka wa pili. La maji na la hita nimemsomea lote kwenye simu. Kesho namtumia mkeka kwa basi la asubuhi.