Muhuri wa Mohenjo-daro: kuna sura imefichwa au macho yangu tu?

Mdadisi_wa_Usiku:
Wakuu habarini, naombeni elimu maana jana sijalala vizuri. Nimekutana na video jamaa kachukua ule muhuri wanaouita Pashupati, wa Mohenjo-daro, mji wa kale wa Bonde la Indus kule Pakistan, yule mtu kakaa kama wa yoga ana mapembe kichwani, sasa akaikata picha katikati akageuza nusu moja kama kwenye kioo, ikatokea sura ina macho makubwa kama jini. Anasema waliificha makusudi miaka 4000 na kitu iliyopita ili wenye ujuzi tu ndo waione. Mimi nimeiona kabisa jamani, hivi kuna ukweli hapo?

babu_chongo:
Kijana, chukua picha ya gome la muembe uifanyie hivyo hivyo. Utapata jini na mke wake.

Dada Mwatumu:
Babu umenichekesha 😂 ila ngoja nimjibu vizuri. Nilisoma Delhi na huo muhuri niliuona pale Makumbusho ya Taifa, nilipita mara mbili bila kuutambua kwa sababu ni kidude tu, kama sentimita 3.5 kila upande, kwenye video wanaukuza mpaka unadhani ni ukuta. Halafu ni jiwe laini la kuchongwa, na ulitengenezwa wa kugandamiza kwenye udongo, kwa hiyo kilichochongwa kwenye jiwe na kinachotokea kwenye udongo vinapishana kushoto na kulia. Sasa fundi alificha sura kwenye upande upi, wa jiwe au wa udongo? Muulize huyo wa video alitumia picha ipi, nna uhakika hajui.

Na kinachoniuma ni kwamba vitu vilivyo wazi kabisa pale bado watu wanagombana. Mwanaakiolojia John Marshall mwaka 1931 alisema yule ni Shiva wa zamani, yaani yule mungu wa Wahindu, ana nyuso tatu na wanyama wamemzunguka, tembo na chuimilia huku, kifaru na nyati wa majini kule. Mtaalamu mwingine, Doris Srinivasan, akaja 1975 akasema hizo unazoita nyuso za pembeni ni kama masikio ya ng'ombe, ni mtu-nyati huyo. Uso wa mbele wenyewe haujakubaliwa ndo tutafute wa kufichwa?

Mdadisi_wa_Usiku:
Duh. Ila dada, maandishi yao si hayajasomwa mpaka leo? Labda majibu yako humo.

fundi_saa:
Hayajasomwa ndio, na mengi ni mafupi, wastani alama tano hivi, utabahatisha chochote. Januari 2025 kiongozi wa wakati huo wa serikali ya Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, Stalin (siyo yule wa Urusi), aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeyasoma, kwa hiyo andaa daftari.

Mimi nakukumbusha ile ya farasi tu. Mwaka 2000 waandishi wa India, Rajaram na mwenzake Jha, walitoa kitabu wakidai wameyasoma maandishi, na humo wakaweka picha ya muhuri wenye farasi, jambo kubwa maana farasi ni mnyama wa kwenye Veda, yale maandiko ya kale ya Wahindu, na kule Indus mihuri yote imejaa wanyama wengine, farasi hamna. Watafiti wawili, Witzel na Farmer, wakaenda kutafuta picha za zamani za muhuri wenyewe. Kumbe ni kipande kilichovunjika, nusu ya mbele haipo, mwili uliobaki ni wa yule mnyama wa pembe moja aliyejaa kwenye mihuri mingine kibao, picha ya Rajaram ilikuwa hafifu imepitishwa kwenye kompyuta mpaka ikawa na kichwa cha farasi. Na wale walikuwa watu wazima wenye vitabu siyo wa video za dakika tatu.

Dada Mwatumu:
Tena hata huyo wa pembe moja wapo wanaosema ni fahali wa kawaida kachorwa ubavuni pembe moja imeiziba nyingine. Shida ni kwamba vimepatikana na vinyago vya udongo vyenye pembe moja, hapo hakuna cha kuziba.

Mdadisi_wa_Usiku:
Nimejaribu ya babu. Muembe sina, nimetumia ukuta wa choo cha nje, nimepata mzee ana ndevu kabisa. Sasa mama mwenye nyumba ameiona picha anaulizia mganga.

babu_chongo:
Mwambie ni Shiva.