Magurudumu ya Boxer kwenye pikipiki ya mtindo wa CG125: yafungwe mazima, au zichukuliwe rimu tu?

Mkazi_Buhongwa: Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya Kichina ya mtindo wa Honda CG125, yenye rimu za inchi 18 mbele na nyuma, ambayo hubeba mizigo hapa Mwanza, kati ya Buhongwa na Kirumba. Rimu ya nyuma imepinda. Jirani ananiuzia magurudumu mawili ya Bajaj Boxer, ya inchi 17, yakiwa na habu zake (vitovu vya katikati). Je, niyafunge yalivyo, nizisuke rimu zake kwa spoku kwenye habu zangu, au ninunue rimu mpya ya 18?

Fundi_Igoma: Ndugu, wengi huanza kuuliza inchi za rimu, ilhali kinachoamua kama gurudumu litaingia ni habu. Kabla hujatoa fedha, pima unene wa ekseli na upana wa habu, kisha uangalie sahani ya breki, ile inayobeba viatu vya breki, inajishikiza wapi. Hilo la mwisho ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Viatu vya breki vinapobana ngoma, sahani nayo hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu; nyuma huzuiwa na chuma kinachoiunganisha na mkono wa gurudumu, na mbele huzuiwa na jino la shokapu linaloingia kwenye mfereji wake. Zipo pikipiki zinazotembea mjini humu zikiwa na sahani iliyofungwa kwa waya, jambo ambalo siwezi kuliita ufundi, kwa sababu waya ukikatika sahani huzunguka, hung'oa kebo ya breki na huenda ikalikaza gurudumu ghafla ukiwa kwenye mteremko.

Mama_Dagaa: Mimi naitetea inchi 17. Yangu ina rimu hizo, nayo hupanda miinuko ya Igogo na mzigo wa dagaa bila kulalamika.

Mpimaji_Nyegezi: Dada, nguvu hiyo ipo, lakini si kubwa. Tairi ya 2.75-18 (upana inchi 2.75, rimu ya 18) ina kipenyo cha takriban milimita 597, na ya 2.75-17 takriban milimita 572, yaani tofauti ya asilimia 4 hivi. Kwa sproketi ya nyuma (gia ya cheni) yenye meno 42, unapata karibu matokeo hayohayo ukiongeza meno mawili, tena bila kugusa gurudumu. Isitoshe, ukiweka 17 mbele ambako kebo ya spidi hutokea, mshale utasoma 60 huku mwendo wako halisi ukiwa kama 57.

Fundi_Igoma: Na pikipiki itashuka zaidi ya sentimita moja, hivyo stendi ya pembeni itakuwa ndefu mno. Itasimama wima, na kwenye ardhi yetu ya mawe itaangukia upande wa pili. Stendi itabidi ikatwe.

Mkazi_Buhongwa: Basi nikibaki na habu zangu na kusuka rimu za 17, tatizo la breki linakwisha?

Fundi_Igoma: Linakwisha, na mstari wa cheni unabaki ulivyokuwa, kwa kuwa sproketi na raba zake za kupunguza mshtuko hazijahama. Ila hesabu matundu: rimu na habu lazima vilingane, na spoku za zamani zitakuwa ndefu kwa zaidi ya sentimita moja, hivyo zitatokeza ndani na kutoboa tyubu. Utanunua spoku fupi, tairi na tyubu za 17, kisha umlipe msukaji. Ukijumlisha gharama hizo, rimu moja mpya ya 18 ni nafuu, na mimi ningeishia hapo.

Mama_Dagaa: Kwa hesabu hiyo nakubali; pikipiki yangu ilitoka kiwandani na 17.

Mkazi_Buhongwa: Nitachukua rimu ya 18 na sproketi ya meno mawili zaidi. Cheni ya sasa itatosha?

Mpimaji_Nyegezi: Angalia nafasi iliyobaki kwenye virekebishi vya ekseli. Gurudumu likisogea mbele na bado cheni imekaza, nunua iliyo ndefu kidogo.