Kupe wamezoea dawa? Maiti anazoeaje?

MfugajiMbozi

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbozi, nina ng'ombe sita: chotara wanne wa maziwa na wawili wa kienyeji alioniachia baba. Nawaogesha kila Jumamosi kwa bomba la mgongoni. Mwaka juzi nilikuwa nikiogesha leo, kesho asubuhi kupe wamekauka kama punje za mtama, unawapangusa kwa kiganja wanadondoka. Sasa naogesha Jumamosi, Jumatatu nawakuta wamenona, wale wa rangi ya bluu iliyofifia, wamejaa chini ya shingo na mapajani. Nimebadilisha dawa mara tatu. Muuza dawa anasema "kupe wamezoea, ongeza dozi". Jirani naye anasema wamezoea.

Baiolojia nilipata D, lakini hili la kuzoea linaninyima usingizi. Mlevi wa gongo anazoea, sawa, alianza na kikombe kimoja. Kupe wangu waliooga sumu mwaka juzi walikufa. Maiti anazoeaje? Na hawa wa sasa wamezaliwa juzi tu, hawajawahi kuoga. Nani kawafundisha?

Nawasilisha.

Mzee_wa_Josho

Kijana, nimekuwa bwana mifugo miaka 31 hadi nikastaafu, na hakuna mfugaji aliyewahi kuniuliza "maiti anazoeaje". Wote walisema wamezoea, na mimi nikaitikia wamezoea, maana foleni ya ng'ombe ilikuwa imefika barabarani na neno fupi ndilo lililofaa. Leo nina muda.

Hakuna kupe aliyezoea. Kupe mmoja mmoja ama anakufa ama hafi, na jambo hilo lilishaamuliwa kabla hujafungua chupa. Kilichobadilika ni nani waliobaki malishoni. Mlevi wako wa gongo ni mfano mzuri, ila ugeuze: yeye amezoea, lakini mwanawe hazaliwi na mazoea hayo. Kwa kupe ni kinyume. Mzazi hakuzoea kitu, ila alizaliwa hivyo, na watoto wanazaliwa hivyo.

Fikiria unavyochagua dume. Unatazama ndama wa mama yupi wana maziwa, kwa sababu unajua mambo mawili hata kama ulipata D: ndama hawafanani wote, na kila mmoja hufanana na wazazi wake. Kupe nao ni hivyo hivyo. Jike mmoja wa kupe wa bluu akishanona huanguka, hutaga mayai zaidi ya 2,000, kisha anakufa. Hao 2,000 si nakala kamili. Vinasaba vinaponakiliwa hutokea makosa madogo, kama mtu anakili barua ndefu kwa mkono. Mengi hayana maana, mengine yanadhuru, na mara moja moja kosa linaangukia pale pale dawa inapokamata. Dawa za jamii ya pareto hukamata kwenye vijilango vya neva za kupe. Kijilango kikiwa na umbo tofauti kidogo, dawa inateleza. Kosa hilo halikuletwa na dawa. Huenda lilikuwepo tangu babu yako akichunga, na halikumfaa kupe yeyote, kwa sababu hapakuwa na dawa.

Sasa hesabu ya kijiweni, namba ni za mfano tu. Una kupe 10,000. Kati yao 10 wana hilo kosa. Dawa yako inaua 99 katika kila 100 ya kupe wa kawaida, wale 10 haiwagusi. Wanaobaki ni 100 wa kawaida na wabishi 10. Wewe unaona nini? Karibu wote wamekufa, unaisifu dawa.

Hao 110 wanazaana, msimu ujao wamerudi kuwa 10,000. Tuseme watoto wanafuata wazazi: wabishi sasa ni kama 909. Unaogesha. Wa kawaida wanabaki 91, wabishi wote 909. Hapo umeua 9,000 katika 10,000, bado unasema dawa ni nzuri, ingawa mkeo ameshaanza kulalamika.

Kizazi cha tatu wabishi ni zaidi ya 9,000. Unaogesha, wanakufa 900, basi. Ndiyo maana kila mfugaji huniambia dawa "imegoma ghafla". Haikugoma ghafla. Ilianza kugoma siku ile ulipoisifu.

Hiyo ndiyo wataalamu wanaita uchaguzi wa asili. Tofauti kidogo na dume lako ni kwamba hapa hakuna aliyekusudia kuchagua. Wewe ulikusudia kuua.

Kupe wa bluu ndiye mwepesi zaidi wa kubadilika hivi, kwa sababu hukaa juu ya ng'ombe mmoja tangu akiwa mdogo kama vumbi mpaka anone, kama wiki tatu. Ukiogesha kila Jumamosi, kila kupe anakutana na bomba. Yule wa kahawia wa masikioni, anayeleta ndigana kali, huanguka na kupanda mnyama mwingine mara mbili kabla ya kukua, kwa hiyo wengi wao siku ya kuogesha wako majanini. Kule Afrika Kusini arseniki iliua kupe wa bluu karibu miaka 40, na mwishoni mwa miaka ya 1930 wakaanza kuonekana wasiokufa. Kila dawa iliyofuata ilikuta hadithi ile ile.

Mawili nataka unijibu. Hizo dawa tatu, soma maandishi madogo: kiambato ni nini? Na unachanganya kwa kipimo gani, sema ukweli.

nesi_wa_mpakani

Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi Kyela, naomba niongeze la kwetu maana ni ndugu yake huyo kupe. Tuliokua kabla ya 2001 tunaikumbuka klorokwini, chungu, na kujikuna usiku kucha. Ilikoma kuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa kwetu kwa sababu vimelea wengi waliobaki walikuwa wale isiowaweza. Wenzetu Malawi, hapo ng'ambo ya Songwe, waliiacha mapema, 1993.

Kilichotokea huko ndicho kinachonifurahisha. Watu walipoacha kuimeza, ubishi ukapoteza faida, na vimelea walaini wakarudi kutawala. Mwaka 2005 Blantyre waliijaribu tena kwa watoto wagonjwa: kati ya 80 waliopewa klorokwini, ilishindwa kwa mmoja tu. Hakuna kimelea aliyesahau kitu hapo. Ni msawazo uliogeuka, wale wale waliokuwa wachache wakawa wengi. (Msiende kununua klorokwini, vimelea wabishi bado wamejaa sehemu nyingine.)

Mzee_wa_Josho

Marahaba mwanangu. Umenisaidia. Ila kwa kupe msitegemee sana, ubishi ukishaenea unaweza kukaa miaka mingi hata dawa ikiachwa.

Simama_Imara

Mzee nakuheshimu, lakini kupe ameanza kupe na ameishia kupe. Hajawa nyuki. Hapo evolusheni iko wapi? Msituletee habari za nyani kwa mlango wa nyuma.

Mzee_wa_Josho

Sikusema atakuwa nyuki. Nimesema kupe wa leo wa huyu kijana si sawa na kupe wa mwaka juzi katika jambo la kurithiwa, na hilo tu ndilo maana ya neno lenyewe: kundi kubadilika kizazi hadi kizazi. Mwaka mmoja au miwili haitoshi kwa makubwa. Na nyani hakuna anayesema ni babu yako. Anayesemwa ni babu wa wote wawili, wa zamani mno.

Ukitaka mfano wa muda mrefu, mwambie kijana ahesabu kupe kwa wale wawili wa baba yake na wale chotara. Malisho ni yale yale. Zebu, yaani hawa wa kienyeji wenye nundu, na ng'ombe wa maziwa wa Ulaya ni koo mbili zilizoachana zamani sana, mmoja alifugwa kwanza Bonde la Indus, mwingine Mashariki ya Kati. Zebu amekaa na kupe vizazi kwa vizazi, na waliodhoofika hawakuacha ndama. Jamaa wa Ulaya alichaguliwa na watu, kwa maziwa. Kila mmoja ni mzuri kwa kile kilichomchuja.

MfugajiMbozi

Nimetoka bandani na tochi. Mzee, nina aibu. Chupa zote tatu, majina tofauti, rangi tofauti, bei tofauti, kiambato ni kile kile: alfa-saipamethrini. Kumbe nilikuwa nabadilisha karatasi ya nje.

Kipimo: karatasi inasema vizibo viwili kwa bomba, mimi natia kimoja na nusu. Dawa ni ghali.

Na nimehesabu, upande wa kushoto tu: chotara mkubwa 63, ng'ombe wa baba 9.

Je, ndiyo niliwafanya wabishi kwa kupunja? Na jirani yangu haogeshi kabisa, si ndiye ananiletea kupe?

Mzee_wa_Josho

Kupunja hakukuumba wabishi, kuliwapunguzia kazi. Wapo wenye ubishi nusu, ambao kipimo kamili kingewamaliza na chako kikawaacha. Ila hata ungetia kamili miaka kumi mfululizo jamii hiyo hiyo ya pareto, maana alfa-saipamethrini ni ya jamii hiyo, ungefika hapo hapo, umechelewa tu. Kwa hiyo kuongeza dozi kama alivyosema muuza dawa si jibu.

Nenda kwa afisa mifugo wa kata akupe dawa ya jamii nyingine kabisa, kama amitrazi, kwa kipimo cha karatasi. Vaa glavu. Usiogeshe kila wiki kwa mazoea, hesabu kwanza. Wale wawili wa baba wenye kupe tisa waache bila kuogeshwa, labda wakizidiwa.

Na jirani usimgombeze. Anakuletea kupe, kweli, lakini ni kupe walaini. Wakipandana na wabishi wako wanakuchanganyia mbegu, na ubishi unaenea polepole. Bila kujua anakufanyia hisani.

MfugajiMbozi

Wiki mbili baadaye. Nimepata amitrazi, nimeogesha chotara tu. Asubuhi ya tatu, upande ule ule wa kushoto wa yule mkubwa: wawili wazima, wanono, wengine wamekauka. Mke wangu anapiga vigelegele. Mimi nimewatia hao wawili kwenye chupa ya soda, nawatazama hapa.

Mzee_wa_Josho

Wametaga?

MfugajiMbozi

Mmoja ameanza leo. Kirundo kama ugali wa mtoto wa mwanasesere, kahawia.

Mzee_wa_Josho

Choma chupa yote.