Mahasimu wawili nyumba moja: wakfu unalinda magazeti au unaua ushindani?

Wadau, tulijadili hili bila jazba. Huko Denmark, gazeti la Jyllands-Posten la Aarhus (1871) linaegemea mrengo wa kulia. Politiken la Copenhagen (1884) lilianzishwa na waliberali waliokuwa wakiisumbua serikali ya wahafidhina. Tangu Januari 2003 yote mawili, pamoja na gazeti la udaku Ekstra Bladet, yamo ndani ya kampuni moja, JP/Politikens Hus. Hisa ni nusu kwa nusu, na nyuma ya kila nusu hakuna tajiri, kuna wakfu: Jyllands-Posten na wake, Politiken na wake.

Mimi nasema wamepatia. Wakfu hauna watoto wa kugombania mirathi. Tazameni Berlingske, gazeti jingine la Denmark, kongwe la 1749: lilikuwa la Orkla ya Norway, 2006 likaenda kwa Mecom ya Uingereza, likachukuliwa na Wabelgiji, na 2024 likarudi Norway kwa Amedia. Limebadilisha kadi kama gari la mtumba! (Ajabu ni kwamba Amedia nayo ni mali ya wakfu.) Naomba kuwasilisha.

— Mkuu, hujagusa penye kidonda. Mwandishi akikosana na wakubwa wa Politiken, akabishe hodi wapi? Mlango wa pili ni wa nyumba ileile. Wakfu mbili kwenye bodi moja, huo ni ushindani wa kuigiza.

— Hapana, ndugu yangu. Vibonzo vya Mtume (s.a.w.) vya Septemba 2005 vilitolewa na Jyllands-Posten. 2008 Politiken nalo lilichapa kimojawapo, pamoja na magazeti mengine ya nchi hiyo. Ila 2010 Politiken lilifikia suluhu na mashirika manane ya Kiislamu, likawaomba radhi walioumizwa. Jyllands-Posten halikufuata, bali lililaumu hatua hiyo hadharani. Kama wahariri wangekuwa wanapokea amri kutoka bodi moja, lile lingetokea?

— Ugomvi wa wahariri haumgharimu mwenye hisa hata senti. Niambie kitu kimoja tu: kampuni yenyewe ikiboronga hesabu zake au ikipunguza wafanyakazi, ni gazeti gani kati ya hayo matatu litaichimba bila kumumunya maneno?

— Hapo umenibana. Labda Berlingske, hilohilo nililolicheka.